Kuuza Subaru iliyobaki nusu: tunayoambiana gereji na yaliyo kweli

Impreza yangu ya 2004 ilikaa chini ya turubai Tabata, Dar es Salaam, miezi kumi na moja kabla sijakubali kwamba sitaimaliza. Injini ilikwisha kufunguliwa na kurudishwa, lakini klachi, waya na viti vilikuwa bado. Nilipotangaza kuiuza, kila kijiwe kilinipa ushauri, na sehemu kubwa ya ushauri huo ilinila hela.

"Piga rangi kwanza, gari huuzwa kwa macho." Kwa Toyota IST ya kupelekea watoto shule, pengine. Anayetafuta STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, huja na tochi, anapiga magoti, anaanzia chini. Mlango wangu wa kulia ulikuwa na bonde, nikaujaza puti na kuupaka bluu mpya. Mteja wa kwanza akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyofungwa kitambaa. Mlango wa kushoto ilinasa. Wa kulia ikadondoka mchangani. Hakuuliza tena habari za mlango, aliuliza nimeficha nini kwingine, na tangu hapo hata injini iliyokuwa safi hakuiamini. Hela ya rangi ile ingenunua betri na kutengeneza breki. Gari linalowaka na kusogea lenyewe mbele ya mteja halina bei moja na linalovutwa kwa kamba.

"Injini ikishafunguliwa imekwisha." Kwetu "haijawahi kufunguliwa" ni sifa kubwa, na naielewa hofu hiyo, maana zipo injini zilizofunguliwa chini ya mwembe zikarudishwa na mchanga ndani. Lakini EJ20, injini ya Subaru, ya turbo na yenye miaka ishirini, iliyowekewa beringi mpya, ringi mpya na gasketi za hedi, mimi naichagua kuliko ambayo hakuna ajuaye ndani kukoje. Thamani hupotea pale usipoweza kuonyesha kilichofanyika. Tunza risiti, piga picha kila hatua, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila sirinda, mteja akiwa amesimama hapo hapo. Sirinda zangu nne ziliposoma karibu sawa, mteja wa tatu aliacha kubishana, akaanza kuandika kwenye simu yake.

"Mwambie ina farasi 280." Tafadhali, hapa tuwe makini. Namba hiyo inaonekana kwenye magari mengi ya Japani ya zama zile kwa sababu watengenezaji wa kule walikubaliana kutoivuka, kuanzia 1989 hadi 2004. Tena ni namba ya injini mpya, iliyopangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Turbo ikisukuma hewa nyingi kwenye petroli ya namna hiyo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni zinavunjika. Kwa hiyo mnunuzi anahitaji kujua kompyuta ya gari imepangwa kwa petroli ipi na turbo inasukuma kiasi gani. Kumnyima habari hiyo kijana anayekwenda kuikanyaga Barabara ya Bagamoyo jioni ile ile ni kumdhulumu.

Kuna wanaobandika nembo ya STI na kufunga bawa la nyuma. Mjuzi hasomi nembo, anasoma namba ya chesisi: kwa Impreza za soko la Japani za umbo hili, GDB ndiyo STI yenye gia sita, GDA ni WRX ya kawaida, isiyo STI. Na "namba E", yaani herufi zinazoanza na E kwenye kibao, haimaanishi gari jipya. Herufi zinaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, wala si mwaka lilipotoka kiwandani.

"Nilichotumia kitarudi." Hakirudi, nawe usimsomee mteja hesabu hiyo.

"Kadi tutashughulikia baadaye." Hapana. Kadi ya usajili ya TRA, Mamlaka ya Mapato, imeandikwa namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Kama ulifunga injini ya mtumba kutoka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri Dar, au ulibadili rangi ya gari zima, rekebisha kumbukumbu kabla ya kutafuta mteja. Lipa na faini za trafiki, kwa kuwa deni hukaa kwenye namba ya gari. Andikianeni mkataba mbele ya wakili na mbadilishe umiliki, la sivyo siku gari likigonga mtu Morogoro, jina litakalosomwa ni lako.

Vifaa vilivyofunguliwa wengi huvimwaga kwenye buti kama chuma chakavu. Mimi nilivigawa kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikaandika kwa kalamu nene: "boliti za kiti cha kulia", "klipu za dashibodi", "waya za taa". Yule mteja wa tatu aliyafungua moja moja, akahesabu, akayafunika. Alipokuja na gari la kubebea, Subaru ilipanda nyuma, lakini makopo aliyaweka mbele, miguuni pake.