Mihadhara ya uhusiano wa kimataifa: dhana potofu zinazowagharimu wanafunzi wa Lubumbashi

Shule za uzamili za uhusiano wa kimataifa, kama ile ya Geneva iliyofunguliwa 1927, Fletcher ya 1933 au SAIS ya Washington ya 1943, haziishii kwenye kozi. Muhula mzima kuna mihadhara ya wazi, mijadala ya mezani na simulasio, yaani maigizo ya vikao vya kimataifa, zinazoendeshwa na wanafunzi wenyewe, na mingi hurushwa mtandaoni. Mwanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mwenye simu na megabaiti anaweza kuingia. Klabu za hapa nazo huandaa ya kwao. Kinachokosekana mara nyingi ni kujua kanuni: watu huja kama wanaokwenda arusini, kumwona mgeni wa heshima na kupiga picha. Haya ndiyo yanayosemwa mbele ya valve, ubao wa matangazo, na kwenye makundi ya WhatsApp, na jinsi mambo yalivyo.

«Tangazo limesema 18:15, basi tunaingia 18:15»

Lubumbashi tuko UTC+2 (saa mbili mbele ya saa ya rejea ya dunia, UTC) mwaka mzima, hatusogezi saa. Kinshasa ni UTC+1, kwa hiyo hata tangazo la mji mkuu lenye 15:00 kwetu ni 16:00. Ulaya na Marekani husogeza saa mara mbili kwa mwaka, tena kila upande na tarehe yake.

Geneva na Paris wakiwa kwenye saa za kiangazi, saa yao na yetu ni moja. Wakiwa kwenye saa za baridi, sisi tuko mbele kwa saa 1. Mhadhara wa Geneva wa 18:15 mwezi Mei unaanza 18:15 hapa. Mwezi Desemba unaanza 19:15. Washington na New York tunazitangulia kwa saa 6 wakati wa kiangazi chao na saa 7 wakati wa baridi. Kwa hiyo mazungumzo yao ya mchana ya 12:30 yanatufikia 18:30 au 19:30, kutegemea mwezi.

Mtego uko Machi. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu hapo katikati, Washington tayari ni saa 6 nyuma yetu ilhali Geneva bado ni saa 1 nyuma. Aliyezoea tofauti ya miezi ya baridi huingia Washington akakuta maswali yanafungwa. Mwishoni mwa Oktoba hutokea tena, kwa wiki moja: Ulaya hurudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Njia salama ni kugeuza saa ya tangazo kuwa UTC kwanza, kisha kuongeza 2. Angalia pia mipangilio ya simu yako: ikiwa ukanda wa saa umewekwa Kinshasa badala ya Lubumbashi, kalenda itakuchelewesha saa nzima bila kukuonya.

«Nimejiandikisha, kiti ni changu»

Kwa tukio la bure, wengi hujiandikisha na wengi hawaji. Waandaaji wanalijua hilo, kwa hiyo hukubali majina mengi kuliko viti. Jina lako kwenye orodha linakupa haki ya kupita mlangoni kabla ukumbi haujajaa, basi. Fika dakika 20 hadi 30 mapema. Soma pia tangazo hadi mwisho: «wazi kwa wote» na «kwa wanafunzi wa shule» ni milango miwili tofauti, na wa pili haufunguki kwa barua ya kubembeleza.

Mtandaoni, kiungo unachotumiwa mara nyingi ni cha kwako peke yako. Ukikimwaga kwenye kundi la promosio, yaani la darasa lenu, na mratibu ameweka kizuizi cha kifaa kimoja, mwenzako akiingia wewe unatoka. Bora watu kumi wakae chumba kimoja, kompyuta moja, projekta moja na spika inayosikika.

«Mihadhara ya mtandaoni inakula megabaiti, si ya watu wa forfé (kifurushi) ndogo»

Kinachokula ni picha. Video ya ubora wa juu hufikia nusu gigabaiti kwa saa, na wakati mwingine zaidi. Sauti peke yake kwenye Zoom inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani megabaiti 27 hadi 36 kwa saa nzima. Zima kamera yako, zima na video inayoingia. Slaidi zisizosomeka vizuri ziombe baadaye kwa barua pepe. Na kama mhadhara utarekodiwa, hakuna haja ya kuteseka nao ukiwa hewani, isipokuwa una swali la kuuliza.

Klabu inayotaka kurusha mhadhara wake ikumbuke jambo moja: akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano baada ya dakika 40 na haipokei zaidi ya watu 100. Dakika ya 40 ndiyo hasa saa ambayo maswali yanaanza kunoga.

«Swali zuri huonyesha kwamba umesoma»

Hapa ndipo kumbi zetu zinapojiumiza zaidi. Mtu anapewa mikro, anaanza: Mheshimiwa Dwayeni, Papa Profesa, Mama Konsula, waheshimiwa maasistenti, wapendwa wenzangu katika vyeo na sifa zenu. Dakika moja imekwenda. Kisha dakika tatu za maoni, na mwisho: «nilitaka tu kusikia unasemaje juu ya hayo». Mgeni atajibu anachotaka, kwa sababu hakuulizwa kitu.

Heshima haikatazwi, lakini mwongoza mjadala ameshaitoa kwa niaba ya wote mwanzoni. Swali likae ndani ya sekunde 40: jina, idara, sentensi moja ya msingi, sentensi moja ya kuuliza. Kwa mfano: «Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje Februari 2025, kisha ikaweka mgao kuanzia Oktoba, chini ya ARECOMS, mamlaka ya kudhibiti masoko ya madini ya kimkakati. Mnunuzi wa nje anahakiki kwa njia gani takwimu za mgao huo?» Sentensi mbili tu, na mgeni hana pa kukimbilia.

Jambo la ziada: mwongoza mjadala akikusanya maswali matatu matatu, mzungumzaji hujibu lile rahisi kwa urefu na lile gumu kwa nusu sentensi. Swali refu hupotea kabisa. Fupi lenye nambari au tarehe hubaki, maana watu ukumbini wanalikumbuka na kulidai. Na ukiwa unafuatilia Washington kutoka Lubumbashi, usidhani wewe ni wa kupokea tu. Anayejua foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ilivyo ana kitu ambacho ukumbi ule hauna.

«Kanuni ya Chatham House maana yake yote ni siri»

Kanuni hii ilianzia 1927 katika taasisi ya London inayoitwa kwa jina hilo, na ikarekebishwa 1992 na 2002. Inasema karibu kinyume cha siri: unaruhusiwa kuyatumia uliyoyasikia, ila usifichue nani aliyesema, anatoka taasisi gani, wala nani mwingine alikuwepo. Inamwachia afisa nafasi ya kuzungumza kwa maoni yake bila wizara yake kuulizwa kesho yake.

Kuivunja bila kujua ni rahisi sana, hasa mji ambao watu wanajuana. Ukiandika «afisa mmoja wa konsula ya Zambia hapa Lubumbashi», umeshamtaja, maana ofisi ile ina watu wachache wa kuhesabika. Ondoa konsula, ondoa mji, baki na «mwanadiplomasia mmoja wa ukanda huu», na hata hiyo uipime. Picha ya pamoja kwenye statusi ya WhatsApp inavunja kanuni hata kama hujaandika neno. Orodha ya waliohudhuria haitoki nje ya washiriki.

Mwandaaji ana wajibu wake pia. Kanuni itajwe kwenye mwaliko na irudiwe kabla mgeni hajafungua mdomo. Kuitangaza baada ya mtu kurusha nusu saa moja kwa moja kwenye Facebook hakusaidii. Inawezekana vilevile kuigawa: hotuba iwe wazi na irekodiwe, kisha simu zizimwe na kanuni ianze wakati wa maswali. Mpango huo ndio tunaoupendelea.

«Bila balozi au waziri, tukio halina uzito»

Balozi husema msimamo wa serikali yake, na msimamo huo unausoma bure kwenye tovuti ya wizara. Afisa wa forodha aliyestaafu, mtafiti wa madini au wakili wa mikataba atakupa vitu visivyoandikwa popote. Balozi pia huja na itifaki yake, na mara nyingi huondoka mapema.

«Simulasio ya Umoja wa Mataifa ni mashindano ya kuongea»

Watu hupanda jukwaani na Kifaransa cha mahakamani, wanashangiliwa, na azimio lao halipati kura. Kazi kubwa hufanyika wakati wa mapumziko ya majadiliano, watu wakiwa wamesimama na rasimu mkononi, wakihesabu kura. Tena huwakilishi maoni yako. Ukipewa Pakistani, unatetea msimamo wa Pakistani hata kama unakukera.

Kanuni za kura ndizo zinazokosewa kuliko zote. Baraza la Usalama lina wajumbe 15, watano wa kudumu. Azimio linalohusu kiini cha jambo, si utaratibu wa kikao, hupita kwa kura 9 za ndiyo, ikiwa hakuna mjumbe wa kudumu aliyepiga hapana. Mjumbe wa kudumu akijizuia, hiyo si veto; Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilithibitisha hivyo katika maoni yake kuhusu Namibia, 1971. Katika masuala ya utaratibu kura 9 zinatosha na veto haipo. Wenyeviti wengi wa simulasio huhesabu kujizuia kwa China kama kukataa, na kikao kizima kinaharibika.

Kosa jingine: kamati ya Baraza Kuu inaandika kwamba «inaamua» kutuma askari. Baraza Kuu, lenye nchi 193, kwa jambo kama hilo hupendekeza tu. Uamuzi unaofunga nchi zote ni wa Baraza la Usalama, kwa kifungu cha 25 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kabla ya kuandika rasimu, chukua azimio halisi, kama lile la 2773 la 21 Februari 2025 kuhusu mashariki mwa Kongo, lililopita kwa kura zote 15, ulisome kwa umbo lake: aya za utangulizi zinaishia kwa mkato, aya za utendaji zina nambari na zinaishia kwa nuktamkato, nukta moja tu mwishoni. Kongo iko ndani ya Baraza 2026 na 2027, kwa hiyo kiti cha nchi yetu kitagombewa kwenye simulasio. Usimpe msemaji bora. Mpe anayejua kuhesabu.

«Cheti cha kushiriki kinaongeza krediti»

Hakiongezi. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) krediti hutoka kwenye vitengo vya masomo vilivyomo kwenye programu. Semina ya Jumamosi haimo, labda idara iwe imeiingiza. Kwenye CV, kuandika kwamba uliandaa mjadala na ukautolea muhtasari wa kurasa mbili kuna uzito kuliko vyeti kumi vya kukaa kitini.

«Tukishampata mgeni, yaliyobaki ni madogo»

Yaliyobaki ndiyo yanayoua tukio. Umeme wa SNEL ukikatika, mikro inakufa kabla ya projekta kupoa. Jenereta iwe imejaribiwa siku hiyo hiyo, na mafuta yawe ndani. Kuanzia Novemba hadi Machi epuka alasiri kwenye ukumbi wa bati usio na dari, kwa sababu mvua ikianza hakuna spika itakayoishinda.

Kwa dakika 90, gawa hivi: 5 za kufungua, 35 za hotuba, 45 za maswali, 5 za kufunga. Wasifu wa mgeni usizidi maneno 80, usomwe na mtu mmoja. Mtunza saa akae mstari wa mbele na karatasi tatu kubwa: 10, 5, 1. Mikro mbili zinatosha, moja ya mgeni na moja ya ukumbi; ya ukumbi ishikwe na kijana wa klabu wakati wote, muulizaji aongee ikiwa mkononi mwa kijana huyo. Ukimkabidhi muulizaji, hutaipata tena.

«Bila ruhusa ya meya, mhadhara ni marufuku»

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 25, inalinda uhuru wa kukutana kwa amani bila silaha, kwa kuheshimu sheria na utulivu wa umma. Kifungu cha 26 kinahusu maandamano kwenye njia za umma au mahali pa wazi, na kinawataka waandaaji kuijulisha mamlaka kwa maandishi. Kujulisha si kuomba ruhusa. Kwa mhadhara wa ndani, unachohitaji ni kibali cha mwenye ukumbi: dwayeni, mkuu wa kitivo, ikiwa ni chuoni; mkurugenzi ikiwa ni mahali kama Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Ufaransa. Peleka barua wiki tatu kabla, ikitaja mada, jina la mgeni, idadi ya watu na saa ya kumaliza. Ikiwa mtatoka nje kwa matembezi au mtaweka viti uani, andikeni na barua ya pili kwa mamlaka ya mji. Zote mbili mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na aliyekaa mlangoni siku ya tukio awe nazo mfukoni.