Diski za studio ya nyumbani: kinachokwamisha ni mruko, si kasi

Laptopu nyingi ninazoletewa na maprodyuza wa nyumbani zina malalamiko yaleyale. Biti inaanza vizuri, unaongeza gitaa, unaongeza sauti za kuitikia, na projekti ikifika traki thelathini na kitu muziki unaanza kukatakata, au programu inasimama katikati ya kurekodi na kuandika kwamba diski imezidiwa. Mwenyewe keshaongeza RAM, keshaambiwa anunue mashine mpya, na tatizo liko palepale. Nikifungua kifuniko cha chini nakuta hadi diski (hard disk, ile yenye sahani inayozunguka) ya GB 500, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ileile iliyokuja na mashine ikiwa mtumba kutoka Ulaya.

Kabla ya kuilaumu diski, hakikisha kwanza ni yenyewe. Programu za kurekodi zina vipimo vya hilo. Reaper ina dirisha la kupimia utendaji linaloonyesha prosesa na diski kila moja peke yake. Cubase ina kipimo cha diski, na Ableton Live huwasha alama ya diski pale inaposhindwa kusoma kwa wakati. Kama kilichojaa ni kipimo cha prosesa, diski mpya haitakusaidia kitu: kuza bafa (akiba ndogo ya sauti) ya kadi ya sauti, au gandisha traki zenye plagini nzito, yaani zigeuze kuwa sauti tupu kwa muda. Ila kama prosesa iko asilimia 40 na diski ndiyo inayolia, endelea kusoma.

Sauti yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Traki moja ya mono, biti 24 kwa kHz 48, ni sampuli 48,000 kila sekunde, kila sampuli baiti 3. Hizo ni kilobaiti 144 kwa sekunde. Traki arobaini zikicheza kwa pamoja hazifiki hata megabaiti 6 kwa sekunde. Na hadi diski hiyohiyo chakavu, ukiitumia kunakili faili moja kubwa la filamu, inasoma megabaiti 80 au 100 kwa sekunde bila shida.

Basi kwa nini inakwama? Kwa sababu traki arobaini ni mafaili arobaini, na kila faili limelala mahali pake kwenye sahani inayozunguka. Mkono unaobeba vichwa vya kusomea ni mmoja tu, kama mhudumu mmoja mwenye meza arobaini za wateja. Kwenye diski ya laptopu, mkono kuhama kutoka faili moja hadi jingine huchukua wastani wa milisekunde 12 hivi. Ukifika, unasubiri sahani izunguke mpaka data inayotakiwa ipite chini ya kichwa. Kwa mizunguko 5,400 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 11.1, na wastani wa kusubiri ni nusu yake, yaani 5.6. Mruko mmoja, yaani kuhama pamoja na kusubiri, unakula karibu milisekunde 17.6.

Reaper, kwa mpangilio inaokuja nao, hujiwekea akiba ya sauti ya milisekunde 1,200 kwa kila traki. Maana yake ndani ya sekunde 1.2 mkono lazima uzungukie mafaili yote arobaini: 40 mara 17.6 ni milisekunde 704. Kusoma data yenyewe, karibu megabaiti 7, ni milisekunde 70 au 80 tu. Muda wa njiani ni takriban mara tisa ya muda wa kazi. Hapo umebakiwa na nafasi kidogo, kama sekunde 0.4, na nafasi hiyo ndiyo inayoliwa pale Windows inapoanza kupakua masasisho kimyakimya, au antivairasi inapoamua kukagua faili la WAV ambalo bado unalirekodi.

Piano za sampuli ni kali zaidi. Programu kama Kontakt hazipakii piano nzima kwenye RAM. Zinaweka kipande cha mwanzo tu cha kila noti, na ukibonyeza, kipande hicho kinalia huku mwendelezo ukivutwa kutoka kwenye diski. Tuseme kipande hicho ni kilobaiti 60. Kwa sauti ya stereo ya biti 24 na kHz 44.1, hiyo ni sekunde 0.23 tu. Mpiga kinanda wa kwaya akikanyaga pedali na kushika kodi (chords) mbili tatu mfululizo, noti zinazolia kwa pamoja zinafika sitini kirahisi. Mara milisekunde 17.6, hiyo ni zaidi ya sekunde nzima ya kurukaruka, na wewe ulikuwa na robo sekunde. Ndiyo maana noti zinakatika mkia mtu akikanyaga pedali, na akiiachia kila kitu kinatulia.

Kutokana na hali hiyo ndipo ulipozaliwa ushauri wa miaka mingi wa diski tatu: moja ya mfumo, moja ya projekti, moja ya sampuli. Ulikuwa ushauri sahihi, kwa sababu diski tatu ni mikono mitatu inayofanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini huku kwetu umetekelezwa kwa namna inayoniumiza moyo: mtu ana hadi diski moja, anaigawa partisheni C, D na E, anaweka projekti D na sampuli E, na anaamini ametenganisha. D na E ni mipaka tu iliyochorwa juu ya sahani ileile. Mkono bado ni mmoja, na sasa umeulazimisha kuvuka kutoka eneo moja la sahani hadi jingine la mbali kwa kila noti. Umeongeza safari. Kama huna uwezo wa kununua kingine leo, ni heri usigawe kabisa.

SSD, yaani diski ya chipu, haina mkono wala sahani. Kufikia data popote ilipo huchukua kama milisekunde 0.1. Ile safari ya traki arobaini iliyokula milisekunde 704 inakuwa milisekunde 4. Kwa hiyo SSD moja ya kawaida, ikibeba mfumo, projekti na sampuli zote pamoja, inazishinda hadi diski tatu zilizopangwa vizuri. Na usibabaishwe na namba za kwenye boksi. SSD ya SATA, muunganisho wa zamani, inasoma kama megabaiti 550 kwa sekunde, ya NVMe, muunganisho mpya, 3,500 na kuendelea, na wewe unahitaji 6. Kwenye kurekodi na kumiksi hutaona tofauti. Utaiona kwenye kufungua maktaba kubwa za okestra, basi. Ukiwa na bajeti ya kubana, nunua ukubwa, usinunue kasi: SATA ya TB 1 ni bora kwako kuliko NVMe ya GB 256.

Fungua mashine kabla hujaenda dukani. Laptopu za mtumba za kibiashara, zile Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizojaa madukani, baadhi zina nafasi ya inchi 2.5 peke yake, baadhi zina pia kijitundu cha M.2, cha kuchomeka SSD ndogo ya umbo la kadi, ambacho mwenyewe hajui kama kipo. M.2 ni umbo tu, si aina. Kadi yenye mikato miwili kwenye meno yake ya dhahabu kwa kawaida ni ya SATA, yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe, na mashine nyingine zinakubali aina moja tu. Angalia mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa. Kama mashine ina sehemu ya DVD, hiyo nayo ni nafasi ya diski: kuna fremu zinazoingia hapo zikiwa zimebeba diski ya inchi 2.5. Zipo za unene wa milimita 9.5 na za milimita 12.7, kwa hiyo pima. Mimi huweka SSD mpya mahali pa diski kuu, kisha ile hadi diski ya zamani naihamishia kwenye fremu kutunza kazi zilizokwisha. Kutunza inaweza sana. Kupiga traki arobaini ndiko kusikokuwa kwake.

SSD usiijaze mpaka shingoni. Iache na asilimia 15 hadi 20 tupu, maana inahitaji nafasi ya ndani ya kuhamishia data inapoandika. Na usiifanyie difragi (kupanga upya vipande vya mafaili); Windows ya siku hizi inaitambua SSD na kuitunza yenyewe.

Kwa wanaotumia diski ya nje, tatizo huwa ni fomati na usingizi. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Rekodi ya stereo ya biti 24 na kHz 48 inafika hapo baada ya saa nne na dakika nane, na mkesha wa maombi unapita hapo bila hata kufika alfajiri. Ukiwa wa Windows tu, fomati NTFS. Ukibadilishana na mwenye Mac, fomati exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini haiandiki humo bila programu ya ziada. Ujue pia kwamba WAV ya kawaida yenyewe ina kikomo hichohicho cha GB 4, kwa hiyo kwenye rekodi ndefu ruhusu programu itumie RF64, aina ya WAV isiyobanwa na kikomo hicho, au igawe faili. Kanisa linalochukua chaneli 32 kutoka kwenye mikisa ya Behringer X32 kwa USB linaandika karibu GB 16.6 kwa saa, ila kila chaneli ina faili lake, kwa hiyo hapo wasiwasi ni ukubwa wa diski tu. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, zuia diski isizimwe ikikaa bila kazi, na zima ile huduma inayolaza milango ya USB. Folda ya projekti itoe kwenye ukaguzi wa antivairasi, na usiiweke kwenye dawati (Desktop) linalojipakia mtandaoni lenyewe.

Flashi za "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana ni za uongo. Ndani mna GB 32 au 64, na programu yake imefundishwa kudanganya kompyuta. Inapokea mafaili yote, majina unayaona, ukija kufungua sauti haimo. Ipime kwa programu ya H2testw kabla haijabeba kazi ya mtu: inaijaza yote, kisha inasoma kila ilichoandika. Kwa diski kubwa inachukua saa nyingi. Iache ikae usiku kucha.

Umeme ukikatika katikati ya rekodi na betri ya laptopu imeshakufa, usifute lile faili la WAV linaloonyesha sekunde sifuri. Mara nyingi sauti imo, kilichokosekana ni taarifa za mwanzo wa faili. Fungua Audacity, leta faili kama data ghafi, chagua biti 24, mono, 48,000. Ukisikia kelele tupu, leta tena huku ukiweka "start offset" 1, kisha 2, maana kila sampuli ni baiti 3 na lazima zianzie mahali sahihi. Hapo utasikia sauti ya mwimbaji wako mpaka sekunde chache kabla ya giza. Mwanzoni kutakuwa na mlio mfupi, ukate.

Kuhusu nakala za akiba, wengi wananakili faili la projekti peke yake. Faili la FL Studio la .flp halina sauti ndani yake, lina anwani za mahali sauti zilipo. Likifika kwenye mashine nyingine bila zile WAV ni ukurasa wenye traki zisizolia. Tumia amri ya kufungasha projekti pamoja na sauti zake, FL Studio inayo, Ableton na Cubase pia, kisha weka nakala mbili: moja kwenye ile hadi diski ya zamani, nyingine nje ya nyumba. Chukua hiyo ya pili, ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na usikilize wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hujafuta chochote kwenye SSD.