Sekunde za mlangoni: uigaji wa kompyuta na uwezo wa reli za mijini

Ninapotakiwa kukadiria ni treni ngapi zinazoweza kuongezwa katika reli ya mjini, jambo la kwanza ninaloliangalia si kasi ya treni, bali muda ambao treni husimama katika kituo chenye abiria wengi kuliko vingine vyote.

Tuchukue njia inayotakiwa kupitisha treni 24 kwa saa, yaani moja kila sekunde 150. Tuseme treni husimama kituoni kwa sekunde 45, na sekunde 80 nyingine hupita tangu iondoke hadi inayofuata isimame mahali pake. Akiba inayobaki ni sekunde 25. Sasa mlango mmoja ukizuiwa na begi la abiria kwa nusu dakika, treni ya nyuma hukuta taa nyekundu, na hasara yake haiishii kwenye zile sekunde 5 zilizozidi, kwa kuwa hulazimika kufunga breki, kusimama, kisha kushika mwendo upya, huku abiria wakizidi kujaa kwenye majukwaa ya mbele na hivyo kuichelewesha zaidi kila inapofika.

Mwongozo namba 406 wa Shirika la Kimataifa la Reli (UIC) unapendekeza kwamba njia ya treni za abiria za mjini na vitongoji pekee isishikiliwe kwa zaidi ya asilimia 85 ya muda wakati wa msongamano. Mfano wetu, wenye sekunde 125 kati ya 150, uko kwenye asilimia 83. Umefaulu, na bado begi moja limeuyumbisha.

Ndiyo maana tunaiga mwendo wa treni kwenye kompyuta. Programu kama OpenTrack, iliyoanzia katika chuo kikuu cha ETH Zürich, hukokotoa mwendo wa kila treni kwa kuzingatia miinuko, uzito, breki, taa za ishara na ratiba, nasi tunairudia asubuhi ileile mara nyingi, kila mara kwa ucheleweshaji wa nasibu. Uigaji unaotumia wastani wa muda wa kusimama pekee, kwa maoni yangu, hauzidi sana kikokotoo cha mkononi.

Katika uigaji ndipo tiba hulinganishwa. Kusogeza ishara karibu na kituo huziruhusu treni zikaribiane zaidi, na mara nyingi ni nafuu kuliko kujenga reli mpya. Jukwaa la pili hufanya makubwa zaidi, kwani treni inayofuata huingia upande wa pili wakati ya kwanza bado imefungua milango. Ila kizuizi huhamia kwenye makutano ya reli yaliyo mbele ya kituo, ambako ni treni moja tu inayoweza kupita kwa wakati mmoja.