Kuruka nyuma kwa msumeno wa mnyororo na kazi ya kinga ya mkono

Kuruka nyuma kwa msumeno wa mnyororo ni hali ya bapa, yaani kile chuma kirefu kinachozungukwa na mnyororo, kuinuka ghafla na kurudi kuelekea uso, shingo au bega la mwendeshaji. Chanzo chake cha kawaida kimo katika sehemu ndogo sana ya bapa, nayo ni robo ya juu ya ncha yake. Upande wa juu mnyororo hukimbia ukimwacha mwendeshaji, ukifika nchani hugeuka kushuka, kisha humrudia kwa upande wa chini. Hapo unapogeukia, jino likigusa mti hujikuta linadaiwa kuchonga zaidi ya uwezo wake. Hukwama, na nguvu iliyokuwa ikiusukuma mnyororo mbele na chini hulisukuma bapa juu na nyuma. Yote hayo hutokea katika takriban sehemu ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajashtuka, hivyo wepesi wa mikono haumsaidii hata fundi mzoefu.

Mkoani Tanga kazi zenye hatari hii ni nyingi. Katika misaji ya Longuza, Muheza, au misindano ya Shume, Lushoto, hatari huwa kubwa wakati wa kupogoa matawi ya mti uliokwisha kuangushwa, kwa sababu ncha hupotelea ndani ya majani na kugusa tawi jingine lisiloonekana. Pwani, kuelekea Pangani, minazi mikuukuu inapolazwa pamoja, anayekata gogo la mbele anaweza kugusa la nyuma bila kujua. Tena ganda la nje la mnazi ni gumu na hufubaza meno upesi, na msumeno butu humfanya mtu aukandamize. Mpasua mbao anayefuata mstari wa kamba uliopigwa juu ya gogo naye huwa ameizamisha ncha ndani ya mti, mahali asipoweza kuiona.

Kinga ya mkono ni ile ngao iliyosimama mbele ya mpini wa kushoto. Wengi huidhani ni kizuizi cha matawi na vumbi la mbao tu, kumbe ni wenzo wa breki. Ikisukumwa mbele huachia springi, na ukanda wa chuma hukaza ngoma ya klachi, mnyororo ukasimama mara moja. Husukumwa kwa njia mbili. Kwanza, bapa linaporuka, kifundo cha mkono wa kushoto huigonga. Pili, katika mashine zilizotengenezwa hivyo, uzito wa kinga yenyewe hutosha: mashine inaporushwa nyuma kwa ghafla kinga hubaki, na breki hufunga hata kama mkono haukuigusa. Breki za namna hii zilianza kuwekwa kwenye misumeno mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa hiyo anayeing'oa kinga kwa sababu inamkera anapopasua mbao ameondoa breki nzima. Vivyo hivyo, kipande cha bati kilichochomelewa badala ya ngao iliyovunjika kinaweza kuukinga mkono dhidi ya matawi, lakini kama hakikuunganishwa na breki, hakina kazi bapa linaporuka. Na hata kinga nzima humtaka mwendeshaji aushike mpini wa mbele huku dole gumba likizunguka chini yake, asimame kidogo kushoto mwa mstari wa bapa, na asikate juu ya mabega.

Zipo kinga nyingine. Baadhi ya minyororo ina viungo vilivyoinuliwa kati ya meno ili jino lisichote mti mwingi kwa mpigo, na faida hiyo hupotea mtu akivinoa kwa tupa vile vidato vinavyopima kina cha kukata hadi vikawa vifupi mno. Kifuniko kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye ncha huizuia isiguse kitu, ila hupunguza urefu wa kukatia. Ala ya plastiki ni ya kubebea mashine tu, na wavu wa uso huzuia vumbi na vijiti, hauwezi kuuzuia mnyororo.

Breki hupimwa kabla ya kazi. Washa mashine juu ya ardhi tambarare, ishike kwa mikono miwili, ipandishe resi, kisha isukume kinga kwa kifundo cha mkono bila kuuachia mpini: mnyororo usiposimama papo hapo, usikate. Kwa breki inayojifunga yenyewe, zima injini, fungua breki, shikilia mashine kiasi cha sentimita 40 juu ya kisiki, uachie mpini wa mbele ili ncha iangukie kisiki huku mkono wa kulia ukibaki kwenye mpini wa nyuma. Kinga inapaswa kuruka mbele. Isiporuka, mara nyingi kasoro huwa ni vumbi la mbao lililochanganyika na oili na kuganda chini ya kifuniko cha klachi. Lisafishwe kwa brashi, na kama breki bado haifungi, mashine ipelekwe kwa fundi.