Utomvu wa mwembe kwenye rangi ya gari: usiukwangue

Wiki iliyopita nililetewa gari jeupe lililolala siku kumi chini ya mwembe. Mwenyewe alikuwa ameshahangaika nalo kwa stili waya ya jikoni. Utomvu ulitoka, ni kweli, ila kila palipokuwa na tone pakabaki duara la mikwaruzo, ukubwa wa sarafu. Nilipiga polishi tangu asubuhi hadi adhuhuri, na maduara mawili hayakufutika. Iliniuma, maana spiriti ya duka la dawa na pamba vingemaliza kazi ile.

Hapa Dar es Salaam kivuli cha kuegesha mara nyingi ni mwembe, na msimu wa maembe ndio huo huo wa jua kali. Kwa hiyo sikuambii uhame. Nakuambia kwanza ujue ni kitu gani kimekudondokea.

Vile vinukta vidogo vinavyonata, vimesambaa boneti nzima na kioo kama manyunyu, si utomvu. Ni uchafu wenye sukari unaotolewa na wadudu wanaofyonza majani. Maji ya vuguvugu na shampuu ya gari vinatosha, mradi usiache mpaka ukungu mweusi uote juu yake.

Utomvu wenyewe wa mwembe hutoka pale embe linapokatika kikonyo. Una mafuta na una ukali. Ndio unaounguza ganda la embe likapata doa jeusi, na ndio unaowatoa watu vipele mdomoni. Juani hukauka ukawa tone gumu la rangi ya chai, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuila rangi.

Fenesi ni habari nyingine. Ulimbo wake unavutika kama mpira, na spiriti haiufanyi kitu. Mama zetu wanalijua hili siku nyingi: kabla ya kupasua fenesi hupaka kisu na mikono mafuta ya kula. Fanya hivyo hivyo kwenye gari. Paka mafuta, subiri dakika chache, futa, kisha osha kwa sabuni.

Kwa utomvu wa mwembe, na hata wa misonobari kwa walioko Lushoto au Mufindi, ninafanya hivi. Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Gusa boneti kwa kiganja, ikiwa bado ya moto subiri. Osha kwanza, kwa sababu vumbi ni mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Lowesha pamba kwa spiriti, ilaze juu ya tone, hesabu hadi sitini bila kusugua. Ukiinua utaona kingo za tone zimelainika na pamba imeshika rangi ya kahawia. Futa taratibu, geuza upande safi, rudia. Tone nene huenda likataka mara tano. Spiriti ndiyo inayofanya kazi, mkono wako unasindikiza tu.

Subira hiyo ina sababu. Kliya, lile tabaka la juu linalong'aa, kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Ukilikwangua halirudi.

Thina sitaki hata kuisikia. Magari mengi mitaani yameshapulizwa rangi upya, na baadhi ya rangi hizo huyeyuka thina ikizigusa tu. Hata spiriti ijaribu kwanza sehemu iliyojificha, mfano ndani ya fremu ya mlango. Pamba ikitoka na rangi ya gari, acha, mpelekee fundi.

Ukimaliza, osha kwa maji mengi, kausha, halafu vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole pale pale. Mfuko unakuonyesha kisichohisiwa na ngozi tupu. Pakikwaruza, utomvu bado upo, rudia pamba. Pakiwa laini lakini doa linaonekana, limeshaingia kwenye kliya. Hiyo sasa ni kazi ya polishi. Mwisho paka nta, kwa sababu spiriti imeondoa iliyokuwepo.

Yule mwenye gari jeupe bado anaegesha chini ya mwembe ule ule. Nimempa chupa ndogo ya spiriti na pamba akae navyo kwenye buti. Tone la leo, likifutwa leo, mara nyingi hutoka kwa pamba moja.