Elimu kwa umma: "Aphelion" haileti baridi ya Kipupwe

Kila Kipupwe kikikaribia, ule ujumbe wa "Aphelion" (yaani wakati Dunia inapokuwa mbali kabisa na Jua) hurudi kwenye makundi ya WhatsApp, na maswali huja kwetu watabiri wa hali ya hewa. Wapo walimu wanaouliza kama wasogeze mbele muda wa watoto kufika shuleni. Wapo pia wasiouliza, wanaolaumu tu: "Mbona mnatuficha?"

Ujumbe unasema kuanzia kesho saa 05:27 Dunia itakuwa mbali mno na Jua. Umbali wa kawaida, kilomita milioni 90, utafika milioni 152, yaani asilimia 66 zaidi. Baridi itadumu hadi Agosti na kuleta mafua, kikohozi na kubanwa kifua. Kesho ipi, haisemwi. Ndiyo maana ujumbe huu hauzeeki. (Kuhusu hiyo 05:27, tumeshuhudia watu wakibishana kama ni alfajiri au saa tano ya mchana. Hatukuingilia.)

Tukubali kwamba aliyeutunga hakuwa mjinga. Aphelion ni tukio la kweli, hutokea kila mwaka mwanzoni mwa Julai. Kilomita milioni 152 ni sahihi. Baridi ya Juni hadi Agosti ipo, na mwelekeo wake hutangazwa rasmi kila mwaka kabla msimu haujaanza. Mafua nayo yapo. Kilichochomekwa humo ni ile milioni 90. Umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua ni karibu kilomita milioni 150. Mwanzoni mwa Januari hushuka hadi 147, na mwanzoni mwa Julai hufika 152. Tofauti ni milioni 5, kama asilimia 3. Toa 90, weka 147, na tishio lote linaporomoka.

Hata asiyependa hesabu ana njia yake. Januari, Dunia ikiwa karibu kabisa na Jua, ndugu zetu walioko Ulaya wanatutumia picha za theluji. Julai, ikiwa mbali kabisa, wao wanatafuta kivuli. Umbali ungekuwa ndio chanzo cha baridi, wao na sisi tungetetemeka siku moja.

Kinachotuletea baridi ni mlalo wa Dunia, yaani jinsi ilivyoinama inapolizunguka Jua. Mwezi Juni jua la utosi liko kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa, na kizio cha kusini kinapoa. Mgandamizo mkubwa wa hewa katika Bahari ya Hindi, eneo la Mascarene, huimarika na kusukuma hewa baridi kutoka kusini. Hiyo ndiyo kusi ambayo wavuvi wa Mafia na Kilwa waliijua kabla ya satelaiti yoyote, na ndiyo inayowafanya watu wa Makete waamke na kukuta sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, shambani.

Sasa, namna ya kuitambua taarifa rasmi. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja tarehe ya kutolewa, siku inayohusika na maeneo kwa majina. Huonesha kiwango kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kisha hutenganisha mambo mawili ambayo wananchi wengi huyachanganya: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Uwezekano unaweza kuwa mdogo na athari zikawa kubwa. Tunaomba mstari huo usomwe, kwa sababu malalamiko mengi ya "mlisema mvua, mbona jua" hutoka kwa watu walioishia kwenye rangi.

Na hapa ndipo uongo unapotushinda. Wenyewe haujui "uwezekano". Unasema "itatokea", basi. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilipungua nguvu kabla ya kufika pwani, na wapo waliosema watu walitishwa bure. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga. Utabiri wa vimbunga vyote viwili ulitolewa kwa utaratibu uleule.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019 inasimamia utoaji wa taarifa za hali ya hewa nchini. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kudanganya au kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hatusemi kwamba shangazi aliyetuma kwenye kundi la ukoo kwa kuwahurumia watoto ni mhalifu. Tunasema asitume tena.

Na kama ulishautuma, kuufuta kwenye simu yako peke yako hakusaidii. Kwa wenzako bado upo. Rudi kwenye kundi lilelile, andika kwamba ile milioni 90 si kweli, na uweke namba sahihi.