Kabla Hujanunua Msumeno wa Injini kwa Shamba Lako la Miti

Tangu mvua za Machi zianze, malalamiko yanayofika katika ofisi yetu ya misitu ya wilaya, hapa Uganda, ni ya aina mbili. Wapo wenye mashamba ya mikalitusi na misonobari ambao mizigo na misumeno yao imezuiliwa barabarani, na wapo wanaotuuliza kwa nini miti yao imeanza kutoa utomvu na kuoza baada ya kupogolewa. Ukiwahoji vizuri unakuta tatizo ni lile lile. Zana imenunuliwa au kukodiwa kabla mwenyewe hajajua kazi anayotaka kuifanya, wala kibali kinachoendana nayo.

Mwenye ekari moja hadi tatu za miti michanga hahitaji injini yoyote kwa miaka ya mwanzo. Misonobari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miche 1,111 kwa hekta, hupogolewa mara ya kwanza hadi kimo cha mita 2 hivi kutoka chini. Zana ya kazi hiyo ni msumeno wa kupogolea, kile kisumeno kifupi kilichopinda ambacho hukata unapokivuta. Panga halifai, na hili tumelisema mpaka tumechoka. Angalia tawi lililokatwa kwa panga: upande wa juu limekatika, upande wa chini limechanika likashuka na ukanda wa gome urefu wa kiganja. Hapo ndipo ugonjwa unapoingilia. Wengine kwa kuogopa kulijeruhi shina huacha kigutu cha tawi. Kigutu hufa, shina huendelea kunenepa likakimeza, na siku mafundi wa mbao wa Ndeeba, Kampala, wakipasua gogo hilo wanakuta fundo jeusi ambalo hudondoka na kuacha tundu ubaoni. Bei ya ubao huo unaijua. Kata karibu na shina, nje kidogo ya ule uvimbe ulioko tawi linapoanzia. Uvimbe wenyewe usiuguse.

Kwa mikalitusi ya nguzo ndogo na fito, yenye unene wa sentimita 10 hadi 15, msumeno wa upinde unatosha. Acha kisiki cha sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, ukikate kwa mshazari ili maji yateremke, na gome libaki limeshikana na mti wake. Kisiki kilichopasuliwa kwa shoka huchipua vibaya. Machipukizi yakishakua, punguza yabaki mawili au matatu yenye nguvu.

Miti ikinenepa ndipo msumeno wa injini, yaani wa mnyororo, unapoingia. Kwa mashina ya hadi sentimita 30, mashine ya sisi (cc, kipimo cha ukubwa wa injini) 40 hadi 50 yenye baa ya sentimita 35 hadi 40 inatosha kabisa. Baa ni ule ubapa wa chuma ambao mnyororo unauzunguka. Lakini mkulima mwenye miti ya fito atakuja akiwa amekwisha kulipia mashine ya zaidi ya sisi 70, ile ya wapasua mbao, kwa sababu jirani anayo. Ni nzito, inachosha mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayoumia. Kama miti unayoangusha kwa mwaka haizidi ya kujengea nyumba moja, mkodi fundi aliyefundishwa, mwenye mashine yake na vifaa vyake vya kujikinga.

Ukinunua, soma kitabu chake. Mafuta ya injini ya namna hii huchanganywa na petroli. Mashine nyingi za sasa zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya tu-stroki (ya injini za mipigo miwili), ambayo ni mililita 100 kwa lita 5. Zipo za 25 kwa 1, nazo ni mililita 200 kwa lita 5 hizo hizo. Kupima kwa macho ndani ya chupa ya soda ndiko kunakounguza pistoni, halafu duka linalaumiwa. Oili ya mnyororo ni nyingine na ina tangi lake. Oili chafu ya gereji usiitie humo, inaua pampu na kuchafua udongo.

Kujua kama mnyororo ni mkali, tazama kinachotoka. Ukitoa vipande kama maganda, ni mzima. Ukitoa unga, ni butu, na kuanzia hapo utakuwa unausukuma kwa nguvu. Zima injini, unoe. Tupa ya mviringo hufuata kipimo cha mnyororo: milimita 4.0, 4.8, au 5.2 na 5.5 kwa minyororo mikubwa. Tupa ya kunolea panga haina kazi hapa.

Hatari kubwa iko kwenye ncha ya baa, upande wa juu. Ikigusa tawi au gogo, mashine huruka kuelekea usoni mwako kabla hujawahi kufumba jicho, kwa hiyo msumeno usio na breki ya mnyororo inayofanya kazi usiwashwe hata kwa tawi moja. Wakati wa kuangusha, watu wengine wakae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mkato wa mbele, upande mti utakakoangukia, uingie robo ya unene au pungufu kidogo, wa nyuma uwe juu yake kidogo, na katikati ubaki ukanda wa mbao usiokatwa, kama sehemu ya kumi ya unene. Ukanda huo hufanya kazi ya bawaba: ndio unaouongoza mti. Anayeukata wote ameuachia mti ujichagulie pa kuangukia.

Helmeti yenye wavu wa uso, vizuia kelele, suruali ya kuzuia mnyororo na buti ngumu ni wajibu wa mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka avitoe bila kumkata mfanyakazi. Kijana aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi hii hata kama ni mwanao.

Sasa vibali. Tunasikia kila siku, "Shamba ni langu, mti ni wangu." Hatubishi. Lakini mazao ya misitu yakishapanda gari yanahitaji kibali cha kusafirisha, chini ya Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 na kanuni zake za 2016. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inathibitisha tu kwamba wewe ni mkazi na shamba ni lako, haigeuki kibali. Ilete kwa afisa misitu wa wilaya pamoja na kitambulisho cha taifa, tuje tukague na kupima kabla hujakata. Malipo hupitia benki, usimpe afisa fedha mkononi, na udai risiti. Wanaopakana na hifadhi kama Mabira au Budongo wahakikishe mpaka kwanza. Kukata ndani ya hifadhi bila leseni ni faini ya hadi shilingi 600,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kuamuru mazao na zana vitaifishwe, na mpaka kesi iishe msumeno wako unabaki kuwa kielelezo. Kwa walio kaskazini, Amri ya Rais Namba 3 ya Mei 2023 ilipiga marufuku mkaa wa biashara, kwa hiyo mabaki ya matawi yasiwe kisingizio.

Mti ulioegemea waya wa umeme usiuguse kwa zana yoyote, hata panga. Toa taarifa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, waliopokea usambazaji kutoka kampuni ya Umeme mwezi wa Aprili 2025, na usubiri wauzime umeme wao wenyewe.